Tanuri la Bibi Paraska Lakosa Pumzi

Jambo la kwanza nililoligundua kwa Mzee Lorne Bodnaruk, nikiwa bado mwanafunzi shuleni, ni kwamba hakuwa akibisha hodi. Akishuka garini na mfuko wake wa vifaa, aliizunguka nyumba nzima polepole, akitazama kuta kama daktari atazamavyo ulimi wa mgonjwa. Baada ya hapo ndipo alipofika mlangoni, akavua buti zake na kuvaa sapatu za sufu alizotembea nazo.

"Watu huanza na mashine," aliwahi kuniambia. "Mimi naanza na nyumba."

Yeye ni fundi wa matanuri ya gesi, yale yakaayo chumba cha chini na kuipasha nyumba nzima joto. Kwetu Zelenka, kwenye tambarare za Saskatchewan, Kanada, tanuri likizima mwezi wa Januari mtu humwita fundi kwanza, padri baadaye. Mzee Lorne ana miaka sitini na mmoja, hupiga kodiani harusini, na hupenda utani, isipokuwa kuhusu hewa ya sumu isiyo na harufu. Bibi yangu ndiye aliyenisimulia sababu. Asubuhi moja ya Krismasi yetu ya Januari, tuisherehekeayo kwa kalenda ya zamani, kabla sijazaliwa, Lorne alifungua mlango wa dada yake akiwa amebeba zawadi. Aliwakuta wote wamelala, mume, mke na mtoto, nyuso zao nyekundu kana kwamba wametoka kucheza. Hakuna aliyeamka.

Jumanne iliyopita tanuri la bibi lilikataa kuwaka. Nje ilikuwa nyuzi thelathini na saba chini ya sifuri, na upepo wa kaskazini ulikuwa ukilia kwenye nyaya. Ndani zilibaki nyuzi tisa. Bibi Paraska, mwenye miaka themanini na minne, alikaa jikoni ndani ya makoti mawili. Mjomba Orest alikuwa amekwisha kupiga simu: angefika saa kumi jioni, na chumba kilikuwa tayari kwenye nyumba ya wazee.

"Nikitoka humu leo sirudi tena," bibi aliniambia. "Orest amelingoja hili tanuri life tangu babu yako azikwe."

Mzee Lorne alifika saa saba mchana. Alipogeuka kuizunguka nyumba, nilimshika mkono.

"Ingia, mzee, utaganda! Bibi anatetemeka."

Alisita, akautazama ukuta, akaingia. Ndiyo mara pekee niliyomwona akiivunja kanuni yake, na mvunjaji hasa nilikuwa mimi.

Chumba cha chini kilikuwa na ubaridi wa kaburi. Alipiga magoti, akafungua kifuniko. Feni ndogo ilivuma, ikavuma, ikanyamaza. Taa nyekundu ikakonyeza mara tatu, ikapumzika, ikakonyeza tena mara tatu.

"Lorne, umekuja kutengeneza au kusali?" bibi aliita kutoka ngazini.

"Vyote viwili, mama. Kwa tanuri lako kimoja hakitoshi."

Aliniambia kwamba taa ile inasema tanuri halipumui. Kuna swichi inayopima pumzi yake, na isiporidhika hairuhusu moto. Alivuta kimpira chembamba, akapuliza, kilikuwa safi. Akakagua mahali yanapotokea maji ya mvuke wa gesi iliyoungua, palikuwa safi. Swichi nayo ilikuwa nzima. Dakika arobaini zilipita. Ndipo akayafuata kwa macho mabomba mawili meupe ya plastiki mpaka yalipopenya ukutani.

"Binti, haya yanatokea wapi nje?"

Tanuri la zamani lilikuwa na dohani juu ya paa. Hili jipya, lililofungwa Oktoba, lilipumulia ubavuni, chini ya dirisha. Na kila mwaka theluji ikitulia, sisi huirundika kuuzunguka msingi wa nyumba ili upepo usipite chini ya sakafu. Babu alifanya hivyo, na baba yake kabla yake. Safari hii nilirundika mimi, kwa sepetu, bibi akinisimamia dirishani: "Juu zaidi! Usiwe mvivu kama Orest!"

"Tumeyafukia," nikasema.

Mzee Lorne aliinuka taratibu. Alitoa kipimo chake cha hewa ya sumu, akakishika juu, akapanda nacho hadi jikoni.

"Sifuri. Lakini tanuri limezima tangu usiku; kabla ya hapo huenda moshi wake ulikuwa ukirudi ndani kupitia dirisha. Mama, juzi na jana uliamka vipi?"

"Kichwa kiliniuma kidogo. Ni hali ya hewa tu."

"Na tumbo?"

"Nilitapika chai. Mbona unaniuliza kama polisi?"

Alikaa kitini bila kukaribishwa. "Lingeendelea kuwaka usiku mmoja zaidi..." Alikigeuza kipimo mkononi. Baadaye akasema, "Leo utaonwa na daktari, upende usipende. Na nikiliwasha, nitakaa na kipimo. Kikipanda hata kidogo nafunga gesi, natundika kadi nyekundu ya kukataza kuliwasha, na humu halali mtu."

Bibi alinitazama mimi, si yeye.

Nilichimba mpaka mikono ikafa ganzi. Ndani ya rundo tulikuta shimo lenye kuta za barafu, lililoyeyushwa na pumzi ya tanuri lenyewe, na midomo ya mabomba imezibwa. Nyundo ingeipasua plastiki katika baridi ile, kwa hiyo tulivuta waya mrefu wa kuwashia hita ya injini ya gari, tukachomeka draya ya nywele ya bibi. Barafu iliachia tone kwa tone.

Saa kumi kasoro dakika tano tulisimama sote watatu mbele ya tanuri. Bibi alikataa kungoja juu.

"Likikataa, usiniambie kwa upole," alisema. "Niambie tu."

Mzee Lorne alikiweka kipimo sakafuni, akawasha swichi ya umeme. Feni ikavuma. Tulihesabu kimoyomoyo. Swichi ya pumzi ikalia *tik*. Nyuma ya kidirisha kiwashio kikaanza kuiva, kikawa chekundu, kisha cheupe. Mzee Lorne akainua kidole tusiseme neno, na gesi, hatua ya mwisho, ilikuwa bado haijafunguka.