Siku Niliyomwombea Kijana wa Kwenye Runinga

Afadhali niwaambie mwenyewe, kwa sababu wale akina mama wa ushirika wetu wakiwaambia watatia chumvi, na hii aibu haihitaji chumvi, iko tayari. Mimi ndimi yule mtu aliyepanda treni hapa Birmingham na sufuria ya kuku na pasta mzima wa kanisa, tukaenda kumwombea mgonjwa ambaye hajawahi hata kuzaliwa.

Ilianza na simu yangu kuanguka kwenye ndoo ya maji nikiwa kazini (mimi hutunza wazee). Nilikaa karibu wiki mbili bila simu, na niliponunua nyingine meseji zote za zamani zilikuwa zimepotea, kwa hivyo nikaingia kwenye grupu letu la akina mama katikati ya mazungumzo, kama mtu aliyefika mazishini na hajui nani amekufa. Meseji ya kwanza niliyoikuta ni ya Purity, rafiki yangu, muuguzi anayekaa Sutton Coldfield: "Jamani jana nimelia. Mkono wa kijana wetu umeharibika kabisa, daktari anasema hatarusha mpira tena."

Nikashika kifua. Purity ana kijana mmoja tu, Ryan, yuko sekondari. Chini yake Mama Shiro ameandika, "Mimi namlaumu babake. Unaachaje familia hivyo, na mtoto anapenda besiboli kuliko chakula?" Mwingine naye, "Shida ni mama. Anajua mume yuko wapi na anamficha mtoto." Nikasema haki hawa wanawake hawana adabu, wanamchambua Purity na yeye yuko humo humo anasoma. Halafu Purity mwenyewe akajibu, "Hata mimi naona mama amekosea sana." Nikaona huo sasa ndio unyenyekevu, mtu kujikosoa mbele ya watu wote, mimi singeweza.

Besiboli ilinichanganya, sitadanganya. Huku Winson Green ninakokaa watoto hucheza mpira wa miguu na kriketi, besiboli sijawahi kuiona. Lakini nikajiambia Sutton ni kwa wenye pesa, huko mtoto anaweza kucheza chochote.

Mtaniuliza kwa nini sikupiga simu. Sisi mtu mwenye shida hatumhoji kwa simu, ni kama kumwambia ajitetee. Unapika, unaenda, mkishakula na kuomba atasema mwenyewe. Kwa hivyo Jumamosi nikakaanga kuku, nikapika chapati, nikamwita pasta (na pasta hayuko kwenye grupu la akina mama, aliyoyajua ni niliyomwambia mimi, hilo mlikumbuke), tukapanda treni pale stesheni ya New Street, yeye ameshika sufuria iliyofungwa kwa leso na mimi chapati, na abiria wote wanatuangalia kwa sababu ya harufu.

Purity alifungua mlango akiwa amevaa vizuri, akashangaa, akafurahi. Sebuleni kulikuwa na wageni, kaka mkubwa wa mumewe na mkewe, wametoka London. Na katikati yao nani ameketi? Baba Ryan. Yule yule aliyeacha familia. Nikamkumbatia machozi yakinilengalenga, nikamwambia, "Karibu nyumbani, Baba Ryan. Umefanya jambo la maana."

Akanitazama. "Asante, Mama Njoki. Nilikuwa tu nimeenda kutupa takataka."

Hapo mtu mwenye akili angeuliza. Mimi nikaona anafunika aibu mbele ya kakake, nikamheshimu. Ryan akashuka kutoka juu, akapokea sufuria kwa mikono yote miwili, nikamwambia, "Pole pole na huo mkono," akasema, "I'm alright, Auntie," nami nikawaza, maskini, mtoto jasiri huyu.

Pasta akatuambia tusimame tushikane mikono, na pasta wetu akiomba haombi kwa ufupi. Alimwombea kijana mkono urudi. Alimwombea mama apate ujasiri wa kusema ukweli. Halafu akafika kwa "baba huyu, Bwana, aliyeikimbia nyumba yake," sauti ikapanda, na mkono wa Purity ndani ya wangu ukawa mgumu. Nikafungua jicho moja. Kila mtu alikuwa amefungua macho isipokuwa pasta.

Baada ya amina, yule kaka mkubwa akauliza polepole, "Amekimbia nyumba lini?"

"Hata mimi nauliza," akasema Baba Ryan. "Nani amesema hayo?"

Na mimi, kwa kutaka kusaidia, nikasema, "Ni Purity mwenyewe aliandika."

Mungu anisamehe. Uso wa yule mwanaume ulibadilika, akamgeukia mkewe mbele ya ndugu yake, na nikaona wazi kwamba nimekuja na chapati zangu kuvunja ndoa ya rafiki yangu. Purity anasema, "Mimi? Mimi niliandika nini?" Nikatoa simu, nikasoma kwa sauti, mkono, daktari, baba, mama, na nilipofika kwa besiboli Purity akaketi sakafuni akacheka hadi akashika tumbo.

"Mama Njoki, hiyo ni drama ya TV. Tunaitazama kila Alhamisi. Hayo ni maoni yetu tu."

Wakacheka wote. Kaka mkubwa ikabidi atoke nje. Pasta alichelewa kuelewa, akaelezwa tena na tena, halafu akauliza kama huyo kijana mwishowe atapona. Mimi nilikuwa natafuta pazia la kujificha nyuma yake.

Ila Ryan hakucheka. Alikuwa bado amesimama pale pale alipoombewa. Akasema, "He don't come, though." Mamake akamwambia aseme vizuri, wageni wasikie. Akamgeukia babake, akajikaza kwa Kiswahili chake cha kuokoteza: "Mimi nacheza football kila Saturday. Wewe hakuna siku umekuja. Hata leo."

Kicheko kikakatika. (Hapa Uingereza watu hufanya zamu ya kazi juu ya zamu, sote tunajua, hakuna aliyemlaumu Baba Ryan kwa sauti.) Tulikula kuku, naye akasifu chapati kuliko zilivyostahili, na sikujua kama niombe msamaha, nami nimwombe nani.

Jioni Purity alitusindikiza hadi stesheni. Nikaanza kujieleza, akanikatiza, na hakuwa anacheka tena. "Kwenye grupu usiseme mlikosea," akasema. "Sema mlikuja kutuombea." Halafu akamshika pasta mkono. "Na ile ya baba, pasta, usiache kuiomba."

Sasa nimeapa, na nyinyi ni mashahidi, sitamwombea mtu tena kabla ya kuuliza kwanza kama ni mtu wa kweli. Purity hunialika kila Alhamisi nikaitazame hiyo drama na mimi hukataa. Naogopa nikimwona yule baba wa kwenye TV akirudi kwake nitalia, na sitajua ninalilia nyumba ipi.