Kangaja Wawili Si Maksai

Naanza na diaba, maana hadi leo nikilikumbuka moyo unanichemka.

Nililisugua Ijumaa baada ya shule, kwa maji matupu, kwa sababu sabuni ni sumu kwa samaki. Nikalianika, nikabandika karatasi: TAFADHALI LISITUMIKE, NI LA SAMAKI MGENI. Jumapili tunarudi kutoka misa, nalikuta limejaa mashuka na povu mpaka ukingoni.

"Mama mkubwa, karatasi hukuiona?"

"Niliiona. Nimeibandua isilowe."

Ndivyo tunavyoishi hapa.

Niko Kahama kwa baba mkubwa kwa ajili ya shule. Kwetu ni Kishapu. Baba mkubwa ananunua dhahabu kwa wachimbaji wadogo. Siku moja alikwenda Dar es Salaam, akaona kwenye hoteli samaki wa baharini ndani ya kioo, akarudi hazungumzi kingine. Basi sebuleni kwetu, huku ambako hata mvua ni ya kuombewa, kuna tangi la kioo refu kama kitanda, lina mawe ya matumbawe na maji ya chumvi. Maji hayo nayachanganya mimi. Natia chumvi yake maalumu, napima, naongeza, napima tena. Kazi hiyo nilipewa kwa sababu, kama alivyosema mbele ya watu, "huyu na samaki wataelewana, wote mabubu."

Mimi si bubu. Maneno ninayo, ila yanafika mdomoni wenzangu wakiwa wameshahamia habari nyingine.

Ndani ya tangi kuna samaki wadogo wadogo na mkubwa wao mmoja, ambaye fundi aliyetufungia tangi alisema watu wa pwani wanamwita kangaja. Ni bapa kama kisahani, rangi ya bluu ya anga la asubuhi, uso mweusi, pezi la mgongoni la njano. Karibu na mkia ana kiwembe kila upande, amekilaza kama kisu cha kukunja. Anakula mwani mkavu ninaoubana kwenye kioo kwa kibanio cha nguo. Sare yangu ya shule anaifahamu. Nikiingia nayo anakuja mbele kunipokea, jambo ambalo hapa nyumbani halifanywi na mtu mwingine yeyote.

Wageni wakimwona huuliza, "Huyu mnamla lini?" Kila mgeni anadhani ni yeye wa kwanza kuisema. Mimi hutabasamu. Nimechoka kutabasamu.

Sasa baba mkubwa akaamua kwamba kangaja ana upweke. "Kiumbe hakai peke yake. Nitamletea mwenzake."

Nikamwandikia ujumbe yule fundi, yuko Mwanza. Kwenye simu maneno yangu yangefika yeye ameshakata. Akanijibu kwa kirefu, nami nikanakili kwenye daftari la Biolojia, ukurasa wa nyuma. Ukitaka kuongeza kangaja, alisema, chagua wa umbo jingine na rangi nyingine, tena mdogo kuliko mwenyeji. Wanaofanana ndio wanaouana, kwa sababu kila mmoja anajua mwenzake amefuata chakula kile kile na shimo lile lile la kulala. Mgeni akae pembeni wiki kadhaa kwanza, uone kama atatoka vidoa vyeupe vya ugonjwa. Siku ya kumwingiza uhamishe mawe yote, ili mwenyeji naye ajione mgeni.

Nilifanya mazoezi ya kusema hayo chumbani. Wakati wa chakula nikaanza.

"Baba mkubwa, kuhusu yule samaki..."

"Ehee, ng'wana wane, mwanangu, sema."

Akaacha tonge hewani. Mama mkubwa naye akaacha kutafuna. Mimi nikitazamwa hivyo naisha.

"Asiwe... asifanane na huyu."

Akacheka, si kwa ubaya. "Wewe umezaliwa kwenye matrekta. Mimi nimelima pamba Kishapu kwa maksai. Maksai wa nira moja unawachagua wafanane, kimo, nguvu, hata rangi ukibahatika. Ukifunga mkubwa na mdogo, plau inakwenda upande na mdogo anaumia. Wanaofanana ndio wanaoelewana."

Daftari nilikuwa nalo mapajani, limefunguliwa pale pale. Nikasema, "Sawa, baba mkubwa."

Hiyo "sawa" imeniudhi kuliko diaba.

Akaenda Dar es Salaam na picha ya samaki wetu kwenye simu, akamlinganisha na kila aliyeonyeshwa mpaka akapata pacha wake. Jumapili hiyo ya mashuka akaingia na deli, lile boksi la kutunzia baridi, na nyuma yake wageni wawili waliokuja kushuhudia: rafiki yake anayechimba almasi Maganzo, na jirani yetu fundi cherehani. Kwenye deli kulikuwa na mfuko wa maji uliojazwa hewa. Nikachungulia. Bluu ile ile, uso ule ule, kimo kile kile. Hata namna ya kunitazama kwa dharau ilikuwa ile ile.

Diaba halikuwapo, kwa hiyo wazo la kumweka pembeni wiki kadhaa lilikuwa limeshakufa. Nikamwacha mgeni humo humo ndani ya deli, nikapiga magoti na mpira mwembamba, nikawa namtonea maji ya tangi tone kwa tone ayazoee.

"Unamnyonyesha?" akauliza yule wa Maganzo.

"Mpaka aote meno," akajibu fundi cherehani.

Baba mkubwa alivumilia soda moja. Ya pili hakuimaliza. Akachukua wavu, akamtia mgeni tangini mwenyewe.

Mwenyeji alitoka nyuma ya jiwe taratibu. Akasimama ubavu kwa ubavu na mgeni, mapezi yote juu. Kisha akajipinda na kupiga kwa mkia.

"Wanasalimiana!" baba mkubwa akasema.

"Salamu za namna hii hata kwetu machimboni hazipo."

"Angalia dume la mwenye nyumba hilo!" fundi cherehani akapaza sauti. "Mpe! Mpe tena!"

Walikuwa wamesogeza viti. Mgeni akajigonga kwenye kioo, akazunguka, akapigwa tena, akajibana nyuma ya pampu akihema. Kuna kitu chembamba kilielea, nikadhani ni mwani, kumbe ni ngozi yake. Ubavuni alikuwa na mchirizi mweupe. Mara ukaja wa pili.

"Waacheni," baba mkubwa akasema, amefunga mikono kifuani. "Wakichoka watazoeana."

Nilimtazama yule samaki aliyeletwa kutoka baharini kuja kufia sebuleni mbele ya watu wanaokunywa soda, na anayejua namna ya kumwokoa ni mmoja tu, naye hasemi. Kwa kweli hasira niliyokuwa nayo ilikuwa juu yangu mwenyewe. Ikatoka kwa sauti ambayo hata mimi siifahamu.

"Maksai wamehasiwa, baba mkubwa! Hawa hawajahasiwa! Umefungia madume wawili zizi moja!"

Ikasikika pampu tu.

Neno lile nililitamka mimi, mtoto wa kike, siku ya Jumapili, mbele ya wageni. Mama mkubwa aliyekuwa mlangoni akasema, "Heh!" Yule wa Maganzo akacheka hadi soda ikamtokea puani. Masikio yangu yalikuwa yanawaka, nikatamani kuingia nyuma ya pampu na mimi.

Lakini baba mkubwa hakucheka. Aliinama akatazama kioo kama anavyotazama ng'ombe mnadani.

"Kweli," akasema polepole. "Hawa ni madume." Kisha, "Tunafanyaje?"

Ananiuliza mimi!

"Tutoe mawe. Na usitumie wavu, kiwembe kitanasa na atachanika zaidi. Bakuli."

Tukatoa mawe yote, moja moja, yakichuruzika maji ya chumvi, tukayapanga juu ya zulia.

"Zulia langu!" mama mkubwa akapiga kelele.

"Diaba lina mashuka," nikasema. Hiyo ilikuwa mara ya pili siku hiyo kumjibu mkubwa, nayo ilitoka yenyewe.

Mgeni tulimkamata kwa bakuli la mboga. Akakaa kwenye deli chumbani kwangu na pampu ndogo ya hewa, nambadilishia maji kabla ya shule na baada ya shule, mpaka michirizi ikafunga na yule fundi wa Mwanza akaja kumchukua, ana mteja asiye na kangaja. Ngozi ilipona. Pezi la mkia lilibaki na pengo.

Mimi sikupona. Fundi cherehani sasa ananiita "bwana mifugo". Jana amenipazia sauti kanisani, uwanjani, "Bwana mifugo, shikamoo!" na mama mmoja nisiyemfahamu akaniuliza kama nachanja kuku. Baba mkubwa naye, mgeni akija, ananiita nitoke chumbani nieleze habari za samaki, na nikieleza ananikatiza ili aeleze yeye.

Juzi akanipa simu yenye picha za muuzaji. "Chagua wewe."

Nikachagua kangaja mdogo wa kahawia, wa mviringo, mwenye vitone, anayekwangua utando wa kwenye mawe na hagombanii mwani wa mtu.

"Huyu mbona kama jani la tumbaku? Wageni watasema nini?"

"Watauliza tunamla lini."

Akaikuza picha, akaisogeza karibu kama anavyosogeza chembe ya dhahabu. "Ana pete ya njano jichoni," akasema, kidogo ameridhika.

Amefika. Yumo kwenye diaba jipya, nimeliandika kwa rangi ya mafuta ili pasiwe na cha kubandua. Leo mama mkubwa amesimama juu yake na mashuka mkononi.

"Huyu si mzima tu? Mtie huko kwenye kioo, mimi nifue."

"Hapana, mama mkubwa," nikamwambia. "Bado."

Amebaki ananitazama. Mimi nikaenda kupima chumvi.