Kutoka Rwezamenyo hadi Kinyinya, Kutafuta Tairi Isiyosimama

Ninyi majirani zangu wa Rwezamenyo mmeniuliza nilikuwa wapi wiki nzima mlango umefungwa, na wengine mkaanza kusema nimehamia kwa wanangu. Sikuhamia. Nilikwenda kutafuta tairi. Mwanamke wa umri wangu, nisiyejua hata kufungua boneti, nilikwenda kutafuta tairi nne za gari. Nitaeleza toka mwanzo, maana naona kila mtu ana nusu yake ya habari.

Sababu ni hii. Binti yangu Mwajuma, mnayemkumbuka, anaumwa figo. Jumatatu, Jumatano na Ijumaa hupelekwa hospitali kuwekwa kwenye mashine ya kusafisha damu. Anakaa Kinyinya, upande wa pili wa Kigali, na binti yake Zainabu, yule fundi cherehani wa Kimironko, na Zainabu ndiye anayempeleka kwa gari lao. Gari lenyewe ni dogo kweli, nyuma linapokea mzigo mmoja tu. Miguu ya Mwajuma ilipoanza kukataa wakapata kiti cha magurudumu, na kiti hakikuingia mpaka walipoitoa tairi ya akiba wakaiweka nyumbani. Siwalaumu. Mtu akifika hospitali bila kiti chake, nani atambeba mgongoni?

Sasa huko Kinyinya wanajenga, si mchezo. Kila kiwanja kina miti ya kushikilia zege, na mbao zikishabanduliwa misumari inabaki barabarani. Ijumaa moja msumari ukaingia kwenye tairi. Gari likainama upande mmoja, mvua inanyesha, tairi ya akiba iko nyumbani. Walipofika hospitali zamu ya Mwajuma ilikuwa imepita na mashine ina mtu mwingine. Alipata nafasi kesho yake, lakini usiku ule alikaa kitako mpaka alfajiri, akijilaza tu pumzi zinakata. Zainabu akanipigia simu analia. Nikamwambia aache kulia aniambie kinachotakiwa.

"Bibi, kuna tairi zinazotembea hata zikiishiwa upepo," akasema. "Lakini naogopa nitauziwa uongo."

Nikamwambia nakuja.

Jumanne asubuhi nilifunga mlango, ufunguo nikauacha kwa jirani, nikasimamisha pikipiki pale barabarani inipeleke soko la Kimironko anakoshonea Zainabu. Kijana akanipa ile kofia ngumu, nikaivaa juu ya mtandio.

"Mukecuru," akaniita, bibi kizee kwa Kinyarwanda, "Kimironko unaenda kununua nini?"

"Tairi."

"Tairi ya nini?"

"Ya kupika."

Akacheka mpaka pikipiki ikayumba, nikampiga begani nikamwambia acheke tukishafika. Tulipofika kwenye taa za barabarani akageuza shingo. "Tairi iko mingi, mukecuru. Ya kweli ndiyo iko kidogo." Hilo nilikuwa nalijua.

Kimironko nilimkuta Zainabu nje ya soko, gari limeegeshwa, yeye amekonda. Mashine yake ya kushonea alikuwa amemwachia mwenzake. Tukaanza na muuzaji mmoja nyuma ya soko anayeitwa Hamisi, mwenye tairi za kutumika zilizopangwa kama magunia. Mtu wa maneno matamu. Akatutolea nne zenye saizi ya gari letu.

"Hizi ni ran-flet, Mama. Za kutembea bila upepo. Tena za misimu yote, zimetoka Ulaya."

Ubavuni mwa tairi kulikuwa na mchoro mdogo wa mlima, na ndani ya mlima kitu kama nyota. Nikauliza ni nini.

"Hiyo ni theluji. Maana yake hata kwenye theluji inapita."

"Theluji ya Kinyinya?"

Vijana waliokuwa karibu wakaangua kicheko. Hamisi hakukasirika, na nitamsifu hapo, maana alinieleza vizuri. Alisema theluji hatuna, lakini mpira wa tairi hizi ni laini kidogo na una mifereji mingi ya kutoa maji, kwa hiyo kwenye mvua za itumba, yaani masika, hazitelezi ovyo. Ubaya wake ni wakati wa kiangazi, lami ikishika moto zinalika upesi kuliko za kawaida. Nikaona sawa. Gari hili halisafiri mbali, na siku iliyotuumiza ilikuwa ya mvua.

Nikaomba tairi moja ilazwe chini, nikachuchumaa, nikaingiza mkono ndani. Marehemu mume wangu alikuwa anakata tairi kuukuu na kutengeneza viatu, na mimi ndiye niliyekuwa nazishika yeye akipitisha kisu. Ndani ya tairi nzima ni laini kama kalai. Ndani ya hii vidole vyangu vilitoka na chenga nyeusi, kama unga wa makaa.

"Hii ilishatembea tupu," nikasema. "Imejitafuna."

"Hilo vumbi la safari, Mama. Imepanda meli."

"Meli haitafuni tairi."

Akanitazama, akatazama mkono wangu, akaanza kucheka peke yake. "Basi, Mama. Nenda kwa mzee Deo pale juu, yeye anauza mpya. Mimi nauzia watu wenye macho, wewe umekuja na mikono."

Saa nane mchana tulikuwa kwa Deo. Huyu ni Mnyarwanda aliyekulia Bujumbura, mtu wa kanisa, mkavu, haongei mpaka aulizwe. Alikuwa na tairi mpya za aina ile ile na saizi yetu ilikuwepo. Bei yake sitaitaja, nilikohoa, basi. Lakini Deo hakutushikia tairi. Alikwenda kwanza kwenye gari, akafungua mlango, akainama pale mbele ya usukani.

"Hapa chini ya plasta iko nini?"

Palikuwa na kipande cha plasta nyeusi, ile ya mafundi umeme, kimebandikwa juu ya kioo cha mishale ya mwendo na mafuta. Nilikuwa nimekiona siku nyingi nikadhani kinafunika ufa.

"Ni taa," Zainabu akasema. "Ilikuwa inawaka kila siku toka tulinunue. Gari limetoka Korea, maandishi ya Kikorea, hatukujua inasema nini. Fundi akasema inasumbua macho tu, akaifunika."

"Nusu ya gari za Kigali inavaa plasta," Deo akasema. Akaibandua. Taa ilikuwa inawaka, ya njano, kama ya mtu aliyesahauliwa chumbani. "Hii ndiyo inasema upepo umepungua. Ilikuwa inasema toka zamani."

Zainabu akainamisha kichwa. Deo akatueleza taratibu, na nawaandikia kama alivyosema kwa sababu ndiyo maana ya safari nzima. Tairi ya kawaida ikiishiwa upepo inalala, na kabla hujasimama motari watatu, hawa wa pikipiki, wameshakupungia mkono, mwanamke muuza ndizi ameshapiga kelele. Hii ina ukuta mnene ubavuni. Ikiwa tupu inasimama wima vile vile, na hakuna mtu barabarani atakayekuonya. Taa tu ndiyo inajua. Ikiwaka, unaendesha pole pole, mwendo wa kutoka hapa mpaka Muhanga, kama kilomita hamsini, unaweza, halafu unaileta kwake aitazame ndani. Ukiendelea nayo siku mbili tatu huku hujui, itajitafuna kama zile za Hamisi, mpaka ipasuke.

"Bila taa siuzi," akasema. "Taa naweza kutengeneza kesho kutwa. Lakini iko shida ingine. Huo ukuta unafanya tairi kuwa ngumu. Kila tuta mgonjwa atalisikia kwenye mgongo. Yeye anasemaje?"

Zainabu akanitazama, mimi nikamtazama. Tulikuwa tumezungumza na Hamisi, tumezungumza na Deo, na hata yule wa pikipiki alikuwa ametoa lake. Mwajuma hatukumwuliza. Nikamwambia Deo atuwekee zile nne mpaka kesho.

Kinyinya tulifika jua limeanza kushuka. Barabara ya kuingia kwao ni udongo mwekundu, malori ya mchanga yanapita, wajenzi wanateremka na sepeto mabegani. Zainabu aliendesha kama anayepita juu ya mayai. Mwajuma alikuwa amekaa kibarazani, miguu juu ya stuli imevimba, anachambua isombe, majani ya muhogo, polepole. Nikakaa karibu naye. Zainabu akaingia ndani kuwasha jiko.

Nikamweleza yote: tairi zipo, ni mpya, mvua zinaiweza, ila ni ngumu, atapigwa mgongo. Aseme anataka au hataki.

Akaendelea kuchambua. Halafu akasema, bila kuinua macho, "Mama, Ijumaa ile gari liliposimama, nilifurahi."

Nikachukua jani moja nikaanza kuchambua naye.

"Nilijiambia leo siendi. Leo hakuna sindano, hakuna baridi ya ile mashine, hakuna kurudi nimekuwa kama nguo iliyokamuliwa. Zainabu yuko nje analowana, ananipigia mafundi simu, mimi ndani nimefurahi." Akaweka bakuli chini. "Mnanitafutia tairi isiyosimama. Mmeniuliza kama mimi nataka kusimama?"

Mnanijua sina maneno laini. Nikamwambia ukweli: hatukumwuliza, na ndiyo maana nimekuja kukaa hapa. Nikamwambia akisema basi, nitamwambia Deo azirudishe kwenye rafu, nitahamishia godoro langu hapa Kinyinya nikae naye mpaka mwisho, na Zainabu nitamnyamazisha mimi. Akisema twende, tutanunua. Lakini aseme yeye.

Malori mawili yalipita.

"Nilifurahi nusu saa," akasema. "Usiku pumzi zilipokata niliogopa, Mama. Niliogopa kama mtoto." Akafuta mikono kwenye kitenge. "Nunueni. Ila Zainabu apunguze mwendo kwenye matuta, anaendesha kama anafukuzwa. Na siku nitakayosema imetosha, mnisikilize. Msiniletee tena habari za tairi."

"Nimekusikia."

"Na yeye asikie."

Nikamwita Zainabu, akaja na mwiko mkononi, nikamweleza maneno ya mama yake, nikamwambia ayarudie. Akayarudia moja moja. Mwajuma akamwambia sufuria inaungua.

Jumatano tulikwenda hospitali na tairi za zamani, mimi nimekaa nyuma naomba dua kwa kila rundo la mbao tulilopita. Alhamisi Deo alifunga zile mpya, akatengeneza taa mpaka ikazimika, na akamfundisha Zainabu kuitazama kila anapowasha gari, kama vile mtu anavyotazama kioo kabla ya kutoka. Plasta akaitupa.

Ijumaa ndiyo tulizijua. Ni ngumu, sitawadanganya. Lile tuta la kwanza Mwajuma aliguna, la pili akasema, "Bora nipande punda." Zainabu akapunguza. Kwenye mvua ya mchana tulipanda kilima bila kuteleza hata kidogo, na hilo pia nalisema.

Jumatatu asubuhi, kabla hatujafika kwenye lami, ile taa ya njano ikawaka.

Zainabu akatoa mguu kwenye mafuta. Ndiyo desturi yetu, kitu kikikosea unasimama, unashuka, unazunguka gari, unaita watu. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeshashika mlango. Gari lilikuwa limenyooka vile vile. Mwanamke aliyekuwa anafagia mbele ya duka alitutazama tukipita, akaendelea kufagia.

Mwajuma, aliyekaa mbele, alikuwa ameiona taa kabla yetu. "Deo alisema nini?"

"Alisema inakwenda, pole pole," Zainabu akajibu.

"Basi nenda."

"Mama, ngoja niangalie tu ni ipi."

"Utaangalia hospitali. Endesha, Zainabu. Sitaki zamu yangu apewe mtu mwingine."

Zainabu akarudisha mguu. Mimi nikageuza uso dirishani, nikawa natazama nyumba za watu mpaka tukafika. Tulifika mapema. Mwajuma alipokwisha kuingizwa ndani tulilizunguka gari, tukapapasa kila tairi, na hatukuona lolote kwa macho. Ilikuwa ya nyuma kulia. Deo ndiye aliyeutoa msumari baadaye. Aliifungua akaitazama ndani kwa tochi, akatikisa kichwa. Alisema ilikuwa imekwenda tupu, ukuta umeumia, na yeye haizibi, hawezi kulala usingizi. Kwa hiyo tukanunua nyingine. Jueni hilo kabla hamjazitamani: hizi si tairi za kupeleka kwa fundi wa pancha wa mtaani kila wiki.

Jumanne nilirudi Rwezamenyo. Tangu nirudi watu watatu wameniuliza kama wanunue na wao. Jibu langu ni moja. Kama nyuma ya gari lako tairi ya akiba inaingia, na una mtu wa kuifunga, kaa na za kawaida, zinakwenda laini na zinazibika. Ukiwa kama sisi, nunua mpya, ingiza mkono ndani, na ubandue plasta uliyobandika kwenye taa. Na kabla ya hayo yote mwulize anayebebwa. Mimi nilivuka mji mzima nikiuliza wauzaji, na aliyetakiwa kuulizwa alikuwa kibarazani anachambua mboga.

Asubuhi ile ya kuondoka Mwajuma alinisindikiza mpaka mlangoni kwa kiti chake. Pikipiki ilikuwa inanisubiri.

"Mama," akasema, "ile siku niliyosema, bado inaweza kuja."

"Najua."

"Sijaifuta."

"Sikukuambia uifute. Ikija nipigie wewe mwenyewe, usimtume Zainabu."

Akanifunga kamba ya kofia ya pikipiki chini ya kidevu, akaikaza, akaniambia nimwambie kijana asiende mbio.