Maoni ya Mama Rehema Kuhusu Kanda Yetu

Nakumbuka Jumamosi moja, mwanangu, nilipotoka Athi River hadi Machakos mjini nikiwa na kanda moja mfukoni na uamuzi mmoja kichwani: Jumatatu naacha kazi. Nilikuwa nashona mifuko ya suruali katika kiwanda kimoja kule EPZ, eneo la viwanda vya nguo za kuuzwa nje. Kanda ile ilikuwa na nyimbo za bendi yetu ya vijana watatu, na muziki wetu ulikuwa metal, ile rock nzito ya magita ya kelele na mayowe. Usinicheke. Unaniona na kitambi na miwani, unadhani nilizaliwa nikiimba tenzi za kanisani.

Miaka ile ya tisini ikielekea ukingoni, muziki haukukaa ndani ya simu. Ukitaka albamu, unaingia dukani na kanda tupu urekodiwe, au unanunua iliyokwisha kurekodiwa. Sisi duka letu lilikuwa la Mama Rehema. Alikuwa mjane wa Kiislamu, watu wake walitoka Pwani zamani wakafanya biashara Machakos hadi wakawa wenyeji. Alivaa buibui, akakaa nyuma ya kaunta na birika lake la chai ya tangawizi, na alikuwa amesikiliza rock, metal na pop kuliko mtu yeyote niliyemjua. Alikuwa na desturi ambayo mji mzima uliijua: hauzi kanda ambayo hajaisikiliza yote, mwanzo hadi mwisho, na ukimwuliza anaionaje, atakuambia hata kama biashara itakufa hapo hapo.

Vijana tulikuwa tunaingia pale kusikiliza maoni yake tu. Kulikuwa na albamu moja ya rock, wanaume wazima wanalia kanda nzima. Mama Rehema akasema, "Wanamwomba msamaha mwanamke mmoja tangu wimbo wa kwanza. Kama hajawasamehe mpaka wa kumi, si warudi makwao?" Kuhusu binti mmoja wa pop ambaye wasichana wote walimpenda, alisema sauti yake ni tamu kweli ila waliomtengenezea nyimbo wamemficha, wamemjazia vinanda mpaka hapumui. Na metal moja ya kasi sana ilipokuwa inacheza, aliuliza kwa upole, "Huyu mpiga ngoma anakimbizwa na nani?" Halafu akaichukua yeye mwenyewe akaiweka nyumbani, kwa sababu ilimfurahisha.

Hakuwa malaika, na mengine alikosea. Kulikuwa na albamu ya metal nzito ya polepole, niliipenda kufa, yeye akasema ni lori la mawe linapanda kilima cha Lukenya na dereva amelala. Mpaka leo nasema hapo alikosea vibaya sana.

Basi turudi kwenye kanda yetu. Mimi nilipiga gita na kuimba. Musyoka alikuwa na gita la besi. Kioko alipiga ngoma, na ngoma zenyewe zilikuwa za kanisa lao, mchungaji akidhani zimechukuliwa kwa mazoezi ya nyimbo za sifa. Mungu atusamehe. Tulirekodi katika chumba cha kupanga, magodoro yameegemezwa ukutani ili majirani wasituletee polisi. Tulipomaliza kila mtu alitusifu. Wenzangu kiwandani walisema tumefika. Mama yangu kule kijijini kwetu Mwala alisikiliza wimbo mmoja, akaziba sikio moja kwa adabu, akasema, "Ni nzuri, kana kakwa," yaani mtoto wangu. Mimi nilichukua maneno hayo yote kama mshahara wangu wa mwaka uliofuata.

Ujue pia kilichokuwa mikononi mwangu, mwanangu. Dada zangu wawili walikuwa sekondari, na karo yao ilitoka kwenye ile mifuko ya suruali. Baba alikuwa na shamba kavu na mbuzi wachache. Nilikuwa nimejiambia kwamba muziki utawalipia dada zangu mara mbili. Sikuwa nimemwambia mtu kule nyumbani.

Nilimpa Mama Rehema kanda. Nilitaka aiuze dukani kwake, ionekane kwenye rafu pamoja na hao wazungu wote. Aliiingiza kwenye redio yake kubwa, akanionyesha benchi, akaendelea kuhudumia wateja huku ikicheza. Hakuirusha mbele hata wimbo mmoja. Alipogeuza upande wa pili nilijaribu kumweleza jambo, akaniinulia kidole ninyamaze. Nilikunywa chai yake vikombe viwili bila kuhisi ladha. Ilipokwisha alizima redio.

"Mutinda, nikwambie?"

"Niambie, mama."

"Huyu mwenye ngoma, mwacheni aende popote anapotaka. Huyo anajua kazi. Besi sikuisikia, sijui kama ilikuwepo. Wewe mkono wako kwenye gita ni mzuri, lakini bado mchanga, unakimbia mahali pa kusimama. Sasa nyimbo. Wa kwanza unalilia theluji. Wa tatu theluji tena, na mbwa mwitu. Wewe mwanangu, theluji umeiona wapi?"

Nilijikuna shingo. "Kwa kalenda."

Wateja wawili walicheka. Yeye hakucheka. Alisema, "Ndiyo maana. Wale wenye theluji yao, wakipiga kelele nawaamini. Wewe nakusikia unapiga kelele, nikitafuta kinachokuuma, sikipati. Hii siwezi kuiuza, mwanangu. Nikiiuza nitakuwa nimekudanganya."

Nilikuwa na majibu, lakini yote yalikuwa ya matusi, na yeye alikuwa umri wa mama yangu. Nilichukua kanda nikatoka bila kuaga. Musyoka, aliyekuwa ananingoja nje, alichemka kuliko mimi. "Huyo mama anajua nini na metal? Si yeye ni wa kuuza tu? Twende Nairobi, tuko na watu huko!" Tukaapa hatutakanyaga duka lile tena, na tukawaambia wenzetu nao wasikanyage. Vijana wengi walitusikia. Kwa wiki kadhaa duka la Mama Rehema lilipungukiwa wateja kwa sababu yetu.

Lakini lile swali la theluji lilikataa kuniachilia. Jumapili nilisikiliza kanda yetu peke yangu, mwanzo hadi mwisho, kama alivyofanya yeye. Nilitafuta mahali ambapo huyo anayelia ni mimi. Sikupata. Nilimpata kijana wa Mwala, aliyekua akipanga foleni na punda kwenye bwawa la mchanga, pale maji yanapojificha chini ya mchanga wa mto, kuchota maji, anaigiza baridi asiyoijua. Niliona aibu, kisha nikaogopa, maana niliona nilivyobakiza kidogo tu niwaweke dada zangu juu ya kitu hicho. Jumatatu nilipita getini kama kawaida, nikakaa kwenye cherehani yangu, sikumwambia msimamizi lolote.

Msimu ule mvua ilikataa. Mahindi ya baba yalikauka yakiwa magotini. Unga uliopikwa nyumbani kwetu hadi mvua iliporudi ulitoka kwenye mshahara wangu, na dada zangu hawakukosa shule. Kila nilipowaona wamevaa sare zao nilimkumbuka yule mama, na hasira ikageuka ikawa shukrani nisiyojua pa kuipeleka. Kioko naye alikwenda Nairobi kupiga ngoma, na mpaka leo anakula kwa jasho hilo. Hilo pia alikuwa amelisema.

Nilikaa muda mrefu kabla sijapata uso wa kurudi. Nilikwenda na mfuko wa ndengu, yaani choroko, kutoka shambani kwetu, nikausimamisha kwenye kaunta. Rehema, binti yake, alikuwepo. Aliponitambua alisema kabla mama yake hajafungua kinywa, "Si wewe ni yule wa theluji? Siku ile ulipotoka, mama alifunga duka mapema. Jioni alikataa chakula. Alikuwa anasema, nimemvunja moyo mtoto wa watu, nimemvunja moyo mtoto wa watu."

Mama Rehema alimfokea anyamaze, lakini macho yake yalikuwa yamejaa machozi. Mimi nilikuwa nimemwazia maringo siku zote zile. Kumbe mimi nilikula siku hiyo, tena nyama choma na Musyoka tukimsengenya, na yeye alilala na njaa. Nilimwambia asante. Nilisema kwa Kiswahili, nikasema kwa Kikamba, na bado nikaona haitoshi. Alinimiminia chai akaniuliza kama bado napiga gita. Nikasema napiga. "Basi lete ukiwa na kitu," akasema, "nitasikiliza yote."

Nilimpelekea kanda nyingi baada ya hapo, miaka yote hadi duka lilipofungwa kwa sababu watu walihamia kwenye sidii. Nyingine alizisifu, nyingi alizikataa, na sikuwahi tena kutoka bila kuaga. Sikuwa nyota. Nimekuwa mpiga gita mzuri wa hapa Machakos, watu wananiita harusini, na nimezeeka nikipenda metal na nikijua ninacholilia.

Nasaha yangu ni hii, mwanangu. Wewe unaweka wimbo wako kwenye simu asubuhi, na kufikia saa sita umepata vidole gumba vya watu ambao hawakufika hata katikati. Wapende, lakini usiache kazi kwa ajili yao. Mtafute mmoja atakayekaa asikilize yote, akuambie usoni wapi pazuri na wapi pabovu. Akikuumiza, rudi nyumbani ukapime maneno yake kabla hujampima yeye. Anaweza kukosea, nami nimekuonyesha alipokosea. Na siku wewe utakapoulizwa maoni, sikiliza mpaka mwisho, sema unachokiona, na usifurahie kukisema.

Nenda ukaimbe, mwanangu. Mwenyezi Mungu aibariki mikono yako na sauti yako. Akupe mtu atakayekuambia ukweli kisha ashindwe kula kwa ajili yako, na akufikishe kwake na asante yako angali hai.