Karafuu za Bi Asya

Kwa miaka ishirini na mbili chumba cha vitabu vilivyoandikwa kwa mkono katika maktaba moja ya Chake Chake kilinukia karafuu, na mwenye kuzitia ni Bi Asya. Kila msimu alichagua zile nzima nzima zenye vichwa, akazilaza baina ya kurasa ili wadudu wasisogee. Mama yake alifanya vivyo hivyo kwenye sanduku la kanga, basi nani angembishia? Vitabu vyenyewe vilikuwa amana za watu, naye alivitunza kuliko alivyojitunza.

Mwaka huu ililetwa mashine ya kupiga picha kurasa, kwa siku tisa tu. Vitabu mia tatu, nafasi arubaini. Hilari, fundi wa mashine kutoka bara, alieleza masharti: kisiwe na nakala pengine, kiwe kinakaribia kuharibika, na wenyewe wawe wameridhia. Bi Asya alikubali yote, ila nafasi ya arubaini aliiweka moyoni kwa daftari la dua la marehemu baba yake, Shehe Hudhaifa. Mwezi ujao anastaafu. Nani mwengine atalijali?

Kila kitabu alikikung'uta karafuu kabla ya kumpa Hilari, na madoa aliyoyaona akayasingizia uzee. Siku ya mwisho Hilari alikitoa mwenyewe rafuni kitabu cha kina Bi Mwatum wa Kengeja, chenye majina ya wazee wao vizazi saba. Karafuu zilikuwa bado zimo. Kila ilipolala moja pana doa la kahawia, na karatasi ikamegeka kama mkate mkavu.

"Nani katia hizi, Bi Asya? Mafuta yake ndiyo yanayokula karatasi."

"Mie, mwanangu. Tena nkizichagua."

Alikaa kitako, kashika tama. Aibu ilimchoma mpaka machozi yakamtoka. Hilari, aliyemwona kila siku akilitazama daftari la babake, alimwonea huruma.

"Nafasi imebaki moja, mama. Ukitaka daftari la Shehe, mimi nitapiga."

Bi Asya alilifungua daftari. Lilikuwa safi, halina doa hata moja. Kila mwaka alianza na vitabu vya watu, na kila mwaka karafuu zilimalizikia huko huko.

"Piga hichi cha Kengeja," akasema, akijifuta kwa ncha ya kanga. "La baba lizima. Na mie miaka yote hii nkimwomba radhi kwa kumnyima karafuu."