Kipaza Sauti cha Kuazima

Mtihani wetu wa hisabati wa kidato cha nne ulivuja enzi zile ambazo kila kitu kilikuwa ruksa. Ruksa kuuza mitumba barabarani, ruksa kuanzisha chama, ruksa kutukanana gazetini. Basi mtihani nao ukaingia sokoni. Wakati sisi tunakesha na vitabu, wenzetu ambao baba zao walikuwa na uwezo walikuwa wanakariri majibu. Mambo yalipojulikana, mtihani wote wa shule yetu ukafutwa, masomo yote, wa aliyenunua na wa asiyenunua. Tukaambiwa tusubiri, huenda tukarudia. Huenda! Neno hilo lilinikwama kooni kama mwiba wa perege.

Nilikuwa naishi Kihonda kwa mama mdogo, lakini mwenye neno juu yangu alikuwa mjomba, kaka wa mama, mkulima wa kabichi kule Mgeta. Kwetu Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, na mjomba akisema rudi, unarudi. Naye alikuwa ameshasema: kama mwaka huo sitafanya mtihani, nipande mlimani nikabebe kabichi, kwani wadogo zangu nao walikuwa wanangoja zamu yao ya kusoma. Hakuwa mkatili. Shamba lilikuwa moja na sisi tulikuwa wengi.

Tukaandamana. Tulivaa sare zetu, tukaenda kwa mistari hadi ofisi ya elimu ya mkoa, na dai letu lilikuwa moja tu: tupangiwe tarehe ya kurudia mtihani. Nilichaguliwa mimi kusema, kwa sababu nina sauti ya watu wa milimani, wanaoitana kutoka ng'ambo hii ya bonde hadi ile. Lakini barabara ilikuwa na kelele, na wa nyuma walikuwa hawanisikii. Ndipo likaja gari lenye spika juu na bendera ya chama kipya. Akashuka mzee mnene wa suti, kiongozi wa chama hicho pale mjini.

"Wanangu, hamna kipaza sauti? Tumieni hiki. Ni chenu."

"Shikamoo!" tukamwamkia wote kwa pamoja.

Hapo ndipo tulipokosea, tena kwa adabu tupu. Nimelelewa kwamba mgeni mkubwa akifika penye mkutano, unampisha kwanza asalimie watu. Nikamrudishia kipaza sauti chake asalimie. Akasalimia mpaka jua likawa la utosi. Alianza na serikali iliyooza, akaenda kwenye bei ya sukari, akaishia kwenye uchaguzi unaokuja. Hisabati hakuitaja. Mimi nimesimama kando yake, mikono nyuma, nikingoja amalize, kwani nani angemkata mzee kauli? Vijana wake wakagawa bendera ndogo, na wale wadogo wa kidato cha pili wakazipepea kama wako kwenye mbio za mwenge. Polisi walipofika, walitukuta tumeshakuwa mkutano wa siasa usio na kibali.

Mjomba akaitwa shuleni. Alikuwa balozi wa nyumba kumi wa chama tawala, na ubalozi ule aliuvaa kama koti la kanisani. Aliteremka na lori la kabichi, akaingia ofisini na udongo wa Mgeta kwenye viatu. Mkuu wa shule alikuwa amekaa na bwana mmoja kutoka ofisi ya chama ya wilaya.

"Nani kawatuma?" yule bwana akaniuliza.

"Hakuna, mzee. Tunataka kurudia mtihani."

"Na kile kipaza sauti kiliota pale kama uyoga?"

Sharti likatolewa. Nisimame paredini mbele ya shule nzima, niseme tulirubuniwa na wapinzani. Nikisema, jina langu litakuwemo kati ya watakaorudia. Nisiposema, sina mtihani, na mjomba hana ubalozi.

Jioni hiyo wale wa chama kipya nao wakaja Kihonda, wakiwa na fulana yenye picha ya kiongozi wao. Walitaka nipande jukwaani Jumapili niseme kwamba serikali ndiyo iliyouza mtihani.

"Lakini mimi sijui aliyeuza," nikasema.

"Utasema tu, binti. Watu wanataka kukusikia."

Nilijiona kuku wa kitoweo: huyu kashika miguu, yule kashika mabawa, na wote wawili wana kisu. Katika maswali yote niliyoulizwa, hakuna aliyeuliza nani aliuza mtihani. Mpaka leo sijasikia.

Walipoondoka, mjomba, ambaye alilala kwetu usiku huo, akaniita uani.

"Mpwa wangu, sema tu. Mimi nayasema maneno yao miaka yote, na kabichi zangu zinaota."

"Ni uongo, mjomba."

"Ni uongo. Sasa unataka nini, kusema kweli au kufanya mtihani?"

"Vyote."

Akacheka kidogo, macho yake hayakucheka. "Vyote havipandi lori moja, mwanangu."

Nikasimama paredini nikasema tulirubuniwa. Sauti ilifika mpaka getini. Rafiki yangu tuliyekaa dawati moja tangu kidato cha kwanza aligeukia ukutani, na tangu siku hiyo hakunisemesha tena. Nilivichukia vyama vyote viwili, nikamchukia na mjomba, nami nikajichukia kuliko wote.

Tarehe ikatoka, tukarudia. Walionunua nao walikuwemo, tena madawati ya mbele. Siku ya somo la uraia nikafungua karatasi, nikakuta swali linalotaka tueleze jinsi mfumo wa vyama vingi unavyompa raia uhuru wa kutoa maoni yake. Nililitazama mpaka msimamizi akaja kuniuliza kama naumwa. Nikamwambia hapana, mwalimu. Kisha nikaandika kama kitabu kilivyosema, hoja baada ya hoja, kwa mwandiko mzuri. Hisabati nilipona chupuchupu. Uraia nilipata A.