Nzuri, Ila

Shangazi yangu Kidawa anashona sare za shule hapa Kilindoni. Ukikutana na mtoto wa darasa la saba, sketi yake ya buluu imekaa sawasawa kiunoni, jua huo ni mkono wake. Ana miaka arobaini na tatu, aliachwa zamani, na binti zake wawili wameshaolewa. Mimi naishi naye kwa sababu ya shule. Wazazi wangu wako kisiwa cha Juani, na kuvuka maji kila siku haiwezekani. Haya ninayoandika ameniruhusu mwenyewe. Alisema, "Andika, lakini usinipambe."

Basi sipambi. Januari nilirudi nyumbani na karatasi ya ripoti. Nilikuwa wa pili kati ya wanafunzi themanini na mmoja. Nikaiweka juu ya cherehani, nikasimama nisifiwe. Shangazi akaisoma taratibu mpaka chini, akachukua mkasi wake wa vitambaa, akaikata. Hakuichana kwa hasira. Aliikata vipande vyembamba vilivyonyooka, kama anayetoa mikanda ya sketi. Kisha akavifagia, akaenda kukuna nazi.

Haikuwa mara ya kwanza. Mwaka jana alinizaba kofi kwa sababu nilikuwa nasoma kwa sauti. Baada ya mambo kama hayo huona haya hata kunitazama, na asubuhi nakuta ameniwekea vitumbua vingi kuliko ninavyoweza kula.

Safari hii baba alipata habari. Baba yangu, Haruni, ni mdogo wake. Akapiga simu: "Dada, mwanangu namrudisha Juani." Nilijua nikirudi, shule ndiyo imekwisha, nitaingia kwenye kilimo cha mwani na mama. Shangazi alishika simu kwa mikono miwili. "Nipe mpaka mwezi wa Ramadhani uandame. Ukiniona vilevile, mchukue."

Aliyemwelekeza ni Fauzia, muuguzi, mteja wake. Alimwambia kuna daktari wa saikolojia ametoka bara, anaitwa Tumaini, amepewa chumba nyuma ya zahanati.

"Hana sindano, Da Kidawa. Yeye kazi yake kuzungumza na mtu."

"Mimi kichaa, Fauzia?"

"Kichaa angeweza kushona sketi mia?"

Jumamosi ya kwanza tulitoka saa nne kasoro. Shangazi alivaa futi yake ya kupimia shingoni na kunibebesha daftari la vipimo, ili watu wadhani anakwenda kumpima mtu. Kwenye kikapu aliweka chupa tupu aliyoiosha vizuri, ya kutilia dawa. Mimi nikakaa kwenye benchi nje, mbali na mlango. Alipotoka, chupa ilikuwa tupu vilevile.

"Amekupa nini, shangazi?"

"Ameniuliza habari."

"Ukasemaje?"

"Nzuri."

"Halafu?"

"Akanyamaza."

"Dakika zote hamsini?"

"Wewe mtoto unauliza kuliko yeye."

Kwetu ndivyo tulivyolelewa. Ukiulizwa habari unasema nzuri, hata kama jeneza liko ndani. Ukishasema nzuri ndipo unaweka ila: nzuri, ila mama hajiwezi, nzuri, ila tumefiwa. Shangazi alisema nzuri akaishia hapo. Daktari naye alikuwa anangoja kilichobaki.

Wiki ya pili alirudi amekasirika. Daktari alimweleza kwamba dawa ya chupa hakuna. Watakutana Jumamosi zote, saa ileile, huenda kwa miezi mingi, na mwanzoni anaweza kujisikia mzito kuliko alivyokuja. Aseme linalomjia, hata la aibu, hata la kumkasirikia daktari mwenyewe. Halitatoka mle chumbani. Kisha akamuuliza alikuwa mtoto wa namna gani.

"Nimempelekea habari ya mkasi," shangazi aliniambia njiani, "yeye anataka utoto wangu. Utoto wangu umekata karatasi?"

Wiki ya tatu alitoka kabla ya wakati, anatembea haraka mpaka futi inampiga mgongoni. Daktari alikuwa ameshika kalamu, akaandika kitu. Basi, kosa hilo tu.

"Ananisimamia kama mtihani!"

"Mtihani gani, shangazi?"

"Hujambo wewe?" akanijibu, na kwa shangazi hiyo maana yake funga mdomo.

Siku tatu hakuzungumza. Alishona mkono wa shati nje ndani, akaufumua, akaushona tena vilevile. Nikaogopa. Mwezi wa Shaaban ulikuwa umeshaingia na begi langu la kurudia Juani lilikuwa pembeni ya kitanda. Jumamosi nilivaa mapema, nikakaa mlangoni na daftari la vipimo bila kusema neno. Alinitazama sana. Kisha akachukua futi.

Tulipopita dukani kwa Abeid, ambaye hajawahi kuacha mtu apite bure, akatupigia kelele: "Bi Kidawa! Huyo daktari ana mwili gani? Wiki ya nne hii unampima, humalizi?" Watu wakacheka. Na mimi nilicheka, Mungu anisamehe, kidogo tu, lakini shangazi aliniona. Akaivua futi shingoni, akaikunja na kuitia kikapuni.

Siku hiyo alimwambia daktari, "Kalamu yako inaniudhi." Alitarajia kufukuzwa. Daktari akaitia kalamu kwenye saraka ya meza na kumuuliza inamkumbusha nini. Shangazi akasema, "Marehemu baba alikuwa mtu mwema, Allah amrehemu." Kikapita kimya kirefu. Akasema, "Ila."

Muda ukaisha.

"Neno moja!" aliniambia, anacheka na kufuta macho kwa ncha ya kanga. "Nimekwenda mwendo wote huu kusema ila!"

Wiki ile alikuwa mzito kweli, kama alivyoonywa. Lakini Jumamosi iliyofuata alikaa mle mpaka dakika ya mwisho, na tuliporudi akaniketisha karibu na cherehani, akanieleza huku anatazama sindano.

Alikuwa wa kwanza darasani miaka yote saba. Asubuhi ya mtihani wa kumaliza, babu alimwita uani. Akamwambia ameshampa mtu ahadi ya kumuoza, kwa hiyo akifaulu atakuwa amemvua nguo baba yake mbele za watu. Akamwambia akose. Shangazi akaenda, akakosa.

"Kila swali nilitafuta jibu lake kwanza," alisema, "halafu nikaandika jingine. Kukosa maswali yote, Sheikha, lazima uyajue yote. Mwalimu msimamizi akapita, akaiona karatasi yangu, akanitazama usoni. Alijua. Mpaka leo naona macho yake. Matokeo yalipotoka, watu wakanipa pole: maskini Kidawa, kumbe kichwani hamna kitu. Nikaitikia. Karibu miaka thelathini naitikia."

Nikauliza, kwa sababu ndiyo tabia yangu, "Na karatasi yangu?"

Uso wake ulibadilika. "Nilikuonea kijicho," akasema. "Wewe, mtoto wa ndugu yangu. Nilikuonea kijicho."

Akakanyaga cherehani ingawa chini ya sindano hapakuwa na kitambaa.

Baba alikuja siku mbili kabla ya mwezi kuandama. Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba huku anatazama begi langu. Akamwambia shangazi, "Shikamoo dada. Habari za hapa?"

"Marahaba. Nzuri."

Nikangoja kilichobaki.

"Ila nina neno, Haruni. Na mtoto abaki asikie."

Akamweleza yote, ya babu na ya mtihani. Baba akaivua kofia, akaanza kuizungusha vidoleni. "Dada, marehemu hasemwi."

"Simsemi yeye. Najisema mimi. Ile karatasi niliikata kwa kijicho. Sikuwa mgonjwa, sikupandwa na kitu. Usinitafutie udhuru." Jasho lilikuwa linamtoka usoni, na mikono ameibana katikati ya magoti kama mtoto aliyeitwa na mwalimu. "Sijapona. Daktari anasema ni safari ndefu. Siwezi kukuapia. Naona haya, lakini nakuomba umuache."

Baba aliendelea kuizungusha kofia. Nadhani na yeye aliona haya, maana yeye alisomeshwa mpaka kidato cha nne na babu huyohuyo. Mwishowe akauliza, "Huko kwa daktari, hata mwezi wa mfungo unakwenda?"

"Nakwenda."

"Saa ngapi?"

"Saa nne."

"Basi Sheikha asikuache ukaenda peke yako." Akavaa kofia yake, akatoka. Begi hakuligusa.

Shangazi bado anakwenda. Siku nyingine anarudi amenuna, siku nyingine ananiuliza darasani tumesoma nini, na nikimjibu huondoka katikati ya jibu. Baada ya Idi tukapewa ripoti nyingine. Niliificha kwa Fauzia siku nne, mpaka shangazi mwenyewe akaiulizia. Nilipoileta alikuwa anakata kola. Hakunitazama. Aliugeuza mkasi, akanikabidhi upande wa mpini.

"Shika huu kwanza," akasema. "Haya, nipe nisome."